Barua za Mkebe wa Biskuti

Mama yetu ni mtu wa Mombasa. Baba yetu alizaliwa Boston, katika ukoo uliotoka Ireland. Upande wa mama tulifundishwa nasaba tangu utotoni, fulani binti fulani, yote kwa mdomo. Upande wa baba ukoo uliishia kwa mama yake nyanya, aliyeshuka melini Boston mwaka 1929 akiwa na miaka 19. Nyuma yake, kimya.

Likizo iliyopita tulimsaidia nyanya kuhama. Nyuma ya mashuka tukakuta mkebe wa biskuti uliojaa barua, zote kutoka kwa dada aliyebaki kaunti ya Mayo. Nyanya akasema, "Rudisheni hapo." Tukarudisha. Siku ya tatu aliuleta mwenyewe mezani. "Nilizisoma mara moja tu, mama alipokufa. Nikazificha ili baba yenu asizione."

Barua ya kwanza ilisema mtoto ameanza kutembea. Nyingine, ameanza shule. Hakutajwa jina hata mara moja. Tulifika barua ya tano ndipo tukaelewa: binti yule wa miaka 19 alikuwa ameacha mtoto wa kiume, naye dada akamlea kama wake. Ireland ya siku zile, msichana aliyezaa nje ya ndoa alifichwa. Wengi walipelekwa kwenye nyumba za masista na kutenganishwa na watoto wao.

Mama aliposikia alisema, "Mficha uchi hazai." Lakini huyu alizaa, na ndicho alichokificha.

Tukaanza kutafuta. Ofisi ya kumbukumbu mjini Dublin iliungua Juni 1922 vitani, na sensa za 1821 hadi 1851 ziliteketea karibu zote. Za 1901 na 1911 zimesalia, na husomwa bure mtandaoni. Kwa kuwa barua zilitaja kitongoji, jioni moja tuliipata nyumba yao katika sensa ya 1911: mama yake nyanya, umri mwaka mmoja. Fomu ile ilimuuliza kila mke amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Mama wa nyumba ile alijibu: saba, sita. Hata aliyekufa alihesabiwa.

Yule mvulana hatujamwona popote. Vitabu vya vizazi vilivyo wazi mtandaoni ni vya miaka 100 iliyopita na zaidi. Naye, tukihesabu kwa barua, alizaliwa 1928. Tulitaka kuandika kwa parokia ya kule, pengine ana watoto. Nyanya akatuzuia. "Mkiwapata mtawaambia nini? Kwamba mama yake alikuja huku akalea wengine?"

Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatujaandika. Barua ni zake, na aibu aliyoibeba miaka yote hii si yetu kuitua kwa niaba yake.

Ila juzi tulimpelekea mchoro wa ukoo. Akautazama sana, kidole juu ya jina la mama yake.

"Miaka 86 nimejiita kifungua mimba," akasema. "Kumbe mimi wa pili."

Chini ya jina lile tulikuwa tumeandika watoto watatu. Akaomba kalamu, akakata, akaandika wanne.