Baiskeli za Kigali, tukiwa Bukavu

Septemba 2025 swali lilikuwa moja: mbona dunia inakwenda Kigali kana kwamba huku hakuna kitu?

Yalikuwa mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani, kwa mara ya kwanza Afrika, tarehe 21 hadi 28. Sisi Bukavu tulikuwa mikononi mwa M23 tangu Februari. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda inawasaidia, Kigali inakana. Bunge la Ulaya liliomba Kigali inyang'anywe mashindano kama Rwanda haibadiliki. UCI haikusogea. Pogačar wa Slovenia akashinda, barabara safi, watu wamejaa pembeni, na picha hiyo ndiyo iliyotembea duniani. Mama aliyekimbia Kalehe na watoto mgongoni hana kamera ya kumfuata.

Napenda baiskeli, sifichi, na Afrika ilistahili. Ila mashindano makubwa humfunika mwenyeji kama kitenge kipya. Na sisi tusijifanye: Mobutu alitaka hivyo hivyo 1974, Ali na Foreman walipopigana Kinshasa. Waziri wetu Kayikwamba Wagner aliandikia Arsenal, Bayern na Paris waachane na pesa za Rwanda. Miezi michache baadaye Kinshasa yenyewe ikasaini na Barcelona. Wahami wanaonisikiliza waliniuliza ni pesa ngapi. Mamilioni ya euro, niliwajibu, na simu ikanyamaza.