Deck, Ally X au Legion Go? Hesabu za Mtu wa Kangeta

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zilinizidi. Leo nimerudi na swali ambalo wengine wenu mmekuwa mkiniuliza: katika hizi kompyuta za gemu za kushika mkononi, mtu anunue ipi?

Hata mimi nilikuwa nikitafuta jibu, maana nataka kununua, na pesa niliyo nayo ni ya mashine moja tu. Kwa hivyo haya si maandishi ya kusifu bidhaa. Ni hesabu za mtu anayetoa pesa mfukoni mwake.

Kwa asiyezijua, nianze hapa. Hizi ni kompyuta kamili zilizofinyangwa kama pedi ya gemu: skrini katikati, vidhibiti kushoto na kulia, betri ndani. Kampuni ya GPD ya China ilitoa GPD Win mwaka 2016, lakini watu wengi walizijua Februari 2022 Valve ilipotoa Steam Deck. Zikafuata ASUS ROG Ally (Juni 2023), Lenovo Legion Go (mwishoni mwa 2023), Steam Deck OLED (Novemba 2023) na ROG Ally X (Julai 2024). Oktoba 2025 ASUS na Microsoft wakatoa ROG Xbox Ally na ndugu yake mkubwa, Xbox Ally X, aliyeanza na bei ya dola 999.99. Huyo nilimwondoa kwenye orodha siku hiyo hiyo.

Mama aliponiona natazama picha zake akaniuliza, "Hiyo ni simu au redio?"

Nikamwambia, "Ni kompyuta, mama."

"Na ile uliyo nayo imekufa?"

"Inaelekea huko."

Na ni kweli. Laptopu yangu haina betri tena. Stima ikipotea, nayo inapotea. Mimi naandika programu za seva kwa wateja walio mbali, na mteja wa mbali hajui Kangeta iko wapi wala hajui transfoma ni nini. Anajua tu kwamba kazi ilitakiwa saa nne usiku. Ndiyo maana nataka mashine ambayo mchana itaunganishwa na skrini na kibodi nifanye kazi, na usiku itakuwa gemu.

Jambo la pili ni mpwa wangu. Tunaishi naye nyumbani, na sasa yuko bweni, Gredi ya 10, katika lile kundi la kwanza lililoingia sekondari pevu Januari 2026. Karo tunachanga mimi na dada yangu. Kila shilingi inayozidi kwenye mashine hii inatoka karibu sana na hiyo karo. Basi tuanze.

1. BEI

Natumia bei za siku ya kuzinduliwa, dola moja kwa shilingi 129:

Steam Deck OLED ya gigabaiti 512: dola 549, yaani kama Sh70,800.
Legion Go: dola 699, kama Sh90,200.
ROG Ally X: dola 799, kama Sh103,100.

Hapo bado usafiri na VAT ya asilimia 16. Kuhusu forodha, jua pia kwamba kompyuta na mashine za gemu ziko kwenye mafungu mawili tofauti ya orodha ya ushuru, kwa hivyo uliza mapema yako itahesabiwa kama nini. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambako Valve huuza Deck yenyewe. Ukiipata hapa, imeletwa na mtu, na warantii usiitegemee sana. Bei za leo kaulizie mwenyewe kabla hujapanga chochote, kwa sababu RAM ilipanda bei dunia nzima mwishoni mwa 2025.

Kati ya Deck na Ally X kuna tofauti ya zaidi ya Sh32,000. Wenye watoto shuleni hamhitaji nielezee zaidi.

2. WATI

Hapa ndipo maandishi mengi ya Ulaya na Marekani hayatusaidii. Wao wanapima fremu kwa sekunde, yaani picha ngapi mashine inachora kila sekunde. Ni kipimo kizuri, lakini aliyekipima ana stima ukutani. Mimi nipo penye vilima vya Nyambene, mvua ikinyesha na upepo ukipiga kidogo stima inakwenda zake. Na si huku kwetu tu: tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ililala gizani.

Basi mimi naanza na betri. Deck OLED ina wati-saa 50, Legion Go 49.2, Ally X 80. Ukiangalia hapo tu utasema Ally X imeshinda. Ngoja kwanza.

Betri ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni ulaji. Prosesa ya Deck imewekewa kikomo cha wati 15. Ally X ina hali tatu ukiwa kwenye betri: wati 13, 17 na 25. Rafiki yangu wa Nairobi aliniazima Ally X yake wikendi mbili, na nilipoiweka kwenye 25, ukijumlisha skrini na feni, ilikuwa inakula zaidi ya 30. Gawanya 80 kwa 30 na kitu, upate saa mbili na nusu hivi. Ukiishusha hadi 13 inakaa muda mrefu sana, lakini sasa umelipa laki moja ili uitumie kama Deck.

Halafu kuna skrini. Deck ina pikseli 1280 kwa 800, jumla kama milioni 1. Ally X ni 1920 kwa 1080, kama milioni 2. Legion Go ni 2560 kwa 1600, zaidi ya milioni 4. Kwa hivyo kwenye kila fremu Legion Go ina pikseli mara nne za Deck, na betri yake ni ndogo kidogo kuliko ya Deck! Ukiwa na soketi karibu ni skrini tamu sana, inchi 8.8. Bila soketi, utaishusha mwenyewe.

Zote zinachajiwa kwa USB-C, na hili ni jambo kubwa kwetu. Pawabenki ya mAh 20,000 ina kama wati-saa 74. Toa kinachopotea njiani, tuseme unabaki na 60. Hiyo inajaza Deck OLED mara moja na kubakiza kidogo, lakini Ally X haiijazi. Cha muhimu pawabenki itoe wati 45, kwa sababu chaja ya Deck ni ya wati 45. Za bei rahisi zilizojaa madukani nyingi hazifiki hapo.

Na kwa wanaoogopa tokeni: wati-saa 50 ni sehemu ya 20 ya uniti moja. Hata ukihesabu kinachopotea, uniti moja inajaza Deck zaidi ya mara 15. Shida yetu huku si ulaji wa stima, ni stima yenyewe kuwepo.

3. MFUMO ENDESHI

Ally X na Legion Go zilikuja na Windows 11. Deck ina SteamOS, ambayo ni Linux iliyojengwa juu ya Arch, na gemu za Windows huendeshwa kupitia programu ya Valve iitwayo Proton, iliyoanza 2018.

Kwangu mimi Linux ni nyumbani. Seva ninazoandikia ni Linux. Ukibonyeza kwenda upande wa dawati unakuta KDE Plasma, kompyuta ya kawaida kabisa. Kasoro ni kwamba sehemu kuu ya mfumo imefungwa usiiandike ovyo, kwa hivyo zana zako unaziweka kwa Flatpak au ndani ya kontena. Mwenzangu kazini aliniachia Deck OLED yake wiki nzima, na siku moja stima ilipopotea nilimaliza kazi ya mteja juu yake, nimeichomeka kwenye pawabenki.

Na kulala! Unabonyeza kitufe katikati ya gemu, inalala. Unabonyeza kesho, unaendelea pale pale. Windows kwenye Ally X ilinilazimisha mara mbili kuianzisha upya. Ni jambo dogo, lakini kwa mtu anayeitwa kila dakika kumi aje asaidie kupakia miraa, si dogo.

Lakini SteamOS ina pengo, na ni pengo linalouma hapa Kenya: mpira. Tangu FIFA 23, EA wameweka programu yao ya kuzuia udanganyifu ambayo haikubali Linux, na hata FC 26 iliyotoka 2025 ilikuja hivyo hivyo. Fortnite na Valorant hali ni hiyo hiyo, na GTA Online nayo ilifungwa kwa Deck Septemba 2024. Kama wewe gemu yako ni mpira tu, usisome zaidi. Nunua yenye Windows, au nunua PlayStation ya mtumba.

Na si lazima SteamOS ibaki kwa Deck. Tangu Mei 2025 kuna Legion Go S inayouzwa nayo rasmi, na mtu mwenye subira anaweza kuiweka kwenye Ally au Legion Go.

4. DATA

Baldur's Gate 3 peke yake inataka gigabaiti 150. Kwa bando za simu hilo ni jambo la kuita kikao cha ukoo. Njia yangu ni hii: mtu wako aliye na faiba Meru mjini au Nairobi ashushe gemu ile ile kwenye kompyuta yake, akiwa na akaunti yake ya Steam na ameinunua. Tangu 2023 Steam inaweza kunakili gemu kutoka mashine moja hadi nyingine zikiwa kwenye Wi-Fi moja, bila kula data ya intaneti. Ukimtembelea, unarudi umejaza. Mashine zote tatu zina nafasi ya kadi ya microSD. Kulipia nako si shida tena kwa asiye na kadi ya benki, kwa sababu M-Pesa GlobalPay imekuwepo tangu 2022.

5. FUNDI

Valve walikubali tangu mwanzo vipuri vya Deck viuzwe kupitia iFixit, na maelezo ya kuifungua yako wazi. Fundi mwenye mkono mzuri anaweza kubadilisha kijiti kilichochoka. Lakini Ally X inaishinda mahali pamoja: SSD yake ni ya ukubwa wa 2280, ile ile ya laptopu, ambayo utaipata Nairobi bila kuzunguka sana. Ya Deck ni 2230, fupi, na itabidi uulize maduka kadhaa. Ally X pia ina matundu mawili ya USB-C na Legion Go pia mawili. Deck ina moja tu, ukitaka skrini na chaja kwa pamoja ununue habu.

NIMECHAGUA IPI?

Nilikaribia kuchukua Ally X. Sababu yangu ilikuwa mpwa wangu. Nilijua swali lake la kwanza litakuwa, "Anko, inacheza FIFA?" (Huku bado tunaiita FIFA.) Na kweli alipokuja likizo ndilo aliloanza nalo. Nikamwambia ukweli: hii ya bei nafuu haichezi, ile ya laki inacheza.

Akafikiria kidogo. Akasema, "Anko, FIFA tunachezea sokoni. Nikicheza peke yangu hapa nitamfunga nani?"

Nikamwuliza basi angetaka nini. Akasema zile za hadithi, tunazocheza mimi na yeye kwa zamu, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye laptopu kabla haijachoka.

Nimepima wati, pikseli na dola kwa miezi miwili, na hakuna jedwali lililokuwa na safu ya "utacheza na nani". Sisi watu wa miraa tunajua gredi ya juu si lazima iwe ndiyo anayoitaka mteja aliye mbele yako. Ally X ni mashine yenye nguvu zaidi, sikatai, na gemu nzito za miaka hii zitaisumbua Deck, ambayo ina prosesa ya viini vinne vya kizazi cha Zen 2. Anayekaa penye stima ya uhakika na anayetaka mpira, aichukue bila wasiwasi. Anayetaka skrini kubwa na dawati karibu, Legion Go inamfaa, ila ajiandae kushika gramu 854.

Mimi nimechukua Deck OLED. Binamu yangu aliye Marekani ataibeba akija. Ile tofauti ya thelathini na mbili elfu nimeigawa: sehemu imenunua pawabenki ya wati 45 na habu, na iliyobaki nimempa dada aongeze kwenye karo.

Kama una mashine tofauti na hizi, au umepima wati zako ukapata namba nyingine, niandikie. Nitaziweka pamoja na zangu ikifika. Na kama unajua mtu anayeuza SSD ya 2230 upande huu wa Mlima Kenya, niambie mapema. Tuonane wiki ijayo.