Elkhart, Mji wa Nyumba za Magurudumu

Katika nchi ya Marekani, upande wa kaskazini wa jimbo la Indiana, uko mji wa kadiri uitwao Elkhart. Hapo mto Elkhart hukutana na mto St. Joseph, na maji yao huenda pamoja hata ziwa Michigan. Mji huu hauna majumba marefu kama Chicago. Hata hivyo jina lake lajulikana na Wamarekani wengi wapendao kusafiri pamoja na jamaa zao, kwa maana katika wilaya hiyo na zile zilizo jirani ndiko zinakojengwa sehemu kubwa ya nyumba za magurudumu ziuzwazo katika nchi ile yote.

Nyumba ya magurudumu ni nini? Ni trela iliyojengwa kama chumba: ina vitanda, meza, jiko la gesi, tangi la maji, na pengine choo. Haina mashine yake yenyewe. Hufungwa nyuma ya motokari, na popote aendako mwenyewe, malazi yake humfuata. Watu wa Ulaya huiita karavani. Sisi hapa tutaiita trela tu.

Labda mtauliza, wapenzi wasomaji: habari za watu wa mbali hivi zatuhusu nini? Zatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, trela za namna hii zilipata kupita katika nchi yetu ya Kongo, nasi tutalisimulia jambo hilo mbele kidogo. Pili, sheria ya mzigo na mvutaji wake ni moja duniani pote. Anayevuta chumba cha kulala huko Indiana, na anayevuta magunia ya mihogo kwenye barabara ya Uvira, wote wawili wako chini ya sheria ile ile, nayo haina huruma kwa asiyeijua.

Wajenzi waendao kwa farasi

Msafiri atokaye Chicago hushika barabara kuu ya kwenda mashariki, ile ya kulipiwa ushuru, akaenda karibu kilometa 180. Nchi ni tambarare. Kulia na kushoto ni mashamba ya mahindi na soya, ghala za mbao zilizopakwa rangi nyekundu au nyeupe, na anga pana. Akiiacha barabara kuu, mara huona jambo la kumshangaza: kigari cheusi chenye kuvutwa na farasi mmoja, na ndani yake mwanamume mwenye ndevu na kofia pana, na mkewe aliyefunika kichwa. Hao ni Waamish, jamii ya Wakristo ambao kwa desturi ya dini yao hawakubali kuwa na motokari. Lakini wengi katika wanaume wao hufanya kazi katika viwanda vya trela! Alfajiri huenda kazini kwa baiskeli, au katika gari lililokodiwa pamoja na dereva wake. Basi mikono isiyoshika usukani ndiyo inayopigilia misumari ya nyumba zitakazovutwa na motokari hata milima ya magharibi.

Kabla ya trela, mji wa Elkhart ulisifika kwa tarumbeta na saksafoni, maana viwanda vya ala za muziki vilikuwako tangu karne ya 19. Kazi ya trela ilianza kukua katika miaka ya 1930. Imeupa mji utajiri, nayo pia imeutia majonzi, kwa kuwa mtu akipungukiwa na fedha, kitu cha kwanza anachoacha kununua ni kitu cha matembezi. Wakati wa shida ya fedha ya mwaka 2008 na 2009, viwanda vingi vilisimama, na maelfu ya watu wakakosa kazi. Rais Barack Obama alikwenda mwenyewe Elkhart mwezi wa Februari 2009 kuonana na wenyeji katika taabu yao.

Karibu na barabara kuu iko nyumba ya makumbusho ya trela. Humo imewekwa trela iliyojengwa mwaka 1913, pamoja na motokari ya Ford Model T. Ukivitazama vitu hivyo viwili, waona kwamba tangu mwanzo swali lilikuwa moja: je, huyu aweza kumvuta yule?

Hesabu ya uwanjani

Wauzaji huzipanga trela zao uwanjani kwa safu, zing'aazo kama sahani mpya. Mnunuzi huingia ndani, hukaa kitandani, hufungua kabati, hupenda. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana macho hununua upesi kuliko akili. Muuzaji akiulizwa, hujibu: “Motokari yako itaivuta bila shaka.” Naye pengine hasemi uongo. Kuvuta si kazi kubwa. Kazi ni kusimamisha, kukata kona, na kushuka mlima huku watoto wamelala kiti cha nyuma.

Tufanye mfano, nanyi wanafunzi chukueni kalamu. Baba mmoja ana motokari ya jamaa, ambayo kiwanda chake kimeandika kwamba yaweza kuvuta kilo 1,588, ndizo ratili 3,500 za Kimarekani. Uwanjani ameona trela ndogo nzuri yenye uzito wa kilo 1,150. Asema: “Tumebakiza zaidi ya kilo 400. Tulipe twende.” Mkewe asema: “Ngoja kwanza, baba watoto. Kilo hizo 1,150 ni za trela tupu, nasi hatutakaa katika trela tupu.”

Mama huyo asema kweli. Tangi la maji la lita 100 huongeza kilo 100. Mitungi miwili ya gesi iliyojaa ni kilo 34. Betri ni kilo 26. Vyombo, chakula, nguo, matandiko, viti vya kukunja na zana, tuseme ni kilo 190. Jumla yake ni kilo 1,500. Bado haijapita kipimo cha kuvuta, lakini nafasi iliyobaki ni kilo 88 tu.

Je, yatosha? Bado. Trela hailali yote juu ya magurudumu yake. Mkono wake wa mbele, ambao Wamarekani huuita ulimi, hulala juu ya tufe la chuma lililofungwa nyuma ya motokari, nao huikandamiza. Huko Marekani desturi ni kwamba ulimi ubebe sehemu 10 hata 15 katika 100 za uzito wote wa trela. Tukitwaa 12, ulimi wa trela yetu wakandamiza kwa kilo 180. Kilo hizo huhesabiwa kama abiria mwingine ndani ya motokari.

Sasa baba na afungue mlango wa dereva, asome kibandiko kilichobandikwa kwenye mwimo. Hapo pameandikwa uzito wa watu na mizigo usiopasa kupitwa. Katika mfano wetu ni kilo 450. Baba ana kilo 85, mama 70, na watoto watatu pamoja 105: hao ni 260. Mizigo ya nyuma ni 40. Vyuma vya kufungia trela ni 20. Ulimi ni 180. Jumla ni 500. Motokari imezidiwa kwa kilo 50, ingawa kipimo cha kuvuta hakijapitwa! Hili ndilo wasiloliona wengi. Kile kipimo kikubwa kinachotangazwa kwa kawaida hupatikana motokari ikiwa na watu wawili tu wa uzito wa wastani. Jamaa nzima haimo.

Wafanyeje basi? Njia ziko. Wasafiri na tangi tupu, wakalijaze maji huko waendako. Hapo trela itapungua kilo 100, na ulimi wake utapungua kilo 12 hivi. Waache nyumbani vitu visivyo na lazima. Au watafute trela ya kilo 800 au 900 ikiwa tupu. Ziko, zilizotengenezwa kwa vitambaa vya kioo na gundi, umbo lake kama yai. Kisha, wakiisha kupakia kila kitu, wapite katika mizani ya malori iliyo kando ya barabara kuu. Karatasi ya mizani haimpendezi muuzaji wala mnunuzi, husema yaliyopo.

Mkia wa trela

Huko Goma, kijana aendeshaye chukudu yake hajasoma vitabu vya ufundi, lakini ajua kwamba mzigo ukiwekwa vibaya, chombo kitamtupa. Kadhalika trela. Vitu vizito vikiwekwa nyuma ya mhimili, ulimi huwa mwepesi, na mkia huanza kuyumba kushoto na kulia. Mwendo ukizidi, kuyumba huzidi, hata motokari nayo huburutwa kando, na mara zote mbili zimepinduka. Ndiyo sababu mzigo mzito hupasa kukaa karibu na mhimili na mbele yake kidogo.

Trela ikianza kuyumba, dereva mwenye hofu hukanyaga breki kwa nguvu. Hilo ni kosa. Yampasa aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani umenyooka, na kama ana kitufe cha breki za trela mkononi, akitumie hicho kwa taratibu.

Breki zenyewe si jambo la hiari. Katika majimbo mengi ya Marekani, trela ipitayo ratili 3,000, yaani kilo 1,361, ni lazima iwe na breki zake yenyewe. Katika Umoja wa Ulaya mpaka ni kilo 750. Tena huko Ulaya motokari nyingi hukubali kilo 75 hata 100 tu juu ya tufe, kwa hiyo karavani zao hujengwa na ulimi mwepesi, nazo huenda mwendo mdogo kuliko motokari nyingine. Asidhani mtu kwamba kanuni ya nchi moja yafaa kuhamishiwa nchi nyingine pasipo kuuliza.

Minyororo miwili ya usalama hupishanishwa chini ya ulimi kama mikono iliyokunjwa, ili tufe likivunjika, ulimi uangukie minyororo, usichimbe barabara. Na uko waya mwembamba ambao, trela ikikatika, huchomoa swichi na kuziamrisha breki zishike.

Anunuaye trela kuukuu na akanyage sakafu pembeni zote. Ikibonyea, maji yameingia na mbao zimeoza. Asome pia tarakimu nne za mwisho katika alama ya tairi: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la trela huzeeka likiwa limesimama, hata kama mistari yake ingali mipya.

Milima

Kutoka Elkhart kwenda magharibi, nchi ni tambarare siku mbili, kisha yainuka milima ya Colorado. Huko barabara kuu hupita katika shimo la Eisenhower, lililo juu kupita meta 3,300. Hewa ni nyembamba, na mashine isiyosukumiwa hewa hupoteza karibu sehemu 3 katika 100 za nguvu zake kwa kila meta 300 za kupanda. Motokari iliyovuta kwa furaha huko Indiana, hapa huhema. Lakini kupanda ni kuchelewa tu. Kushuka ndiko kwenye mauti. Wasomaji wa Bukavu na Uvira waijuao miteremko ya Ngomo hawana haja ya kuelezwa. Yafaa kutia gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, na kukanyaga breki kwa vipindi, zisije zikashika moto.

Walipopita kwetu

Mwaka 1959, Mmarekani Wally Byam, mwenye kuanzisha kiwanda cha Airstream, aliondoka Cape Town akiongoza trela 41 za bati la aluminiamu, na watu zaidi ya 100. Nia yao ilikuwa kufika Cairo. Walipita Kongo, iliyokuwa bado koloni la Ubelgiji, wakaendelea hata Uganda, Kenya na Ethiopia, na mwaka 1960 wakazipanga trela zao karibu na piramidi za Misri. Hawakuzivuta kwa motokari nyepesi za mjini. Walichagua magari yenye nguvu ya namna ya malori madogo, maana walijua kwamba barabara mbovu huongeza uzito wa kila kitu.

Mwaka 1961 kiwanda hicho kikatoa trela ndogo ya futi 16, karibu meta 5, isiyofika tani moja. Kikaiita Bambi, kikaeleza kwamba jina hilo latokana na neno la Kiumbundu cha Angola la kumtaja mnyama mdogo wa jamii ya paa. Wally Byam alikufa mwaka 1962, lakini trela ndogo za jina hilo zingali zinajengwa katika kijiji cha Jackson Center, jimbo la Ohio.

Wazee walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Motokari ndiye huyo mwenzio. Mzigo wake twauona mwepesi kwa sababu hatuubebi sisi. Basi yeyote atakayefunga kitu nyuma ya gari, iwe trela ya kulala au ya magunia, na aanze kwa kalamu na mizani: mvutaji abeba kiasi gani, mzigo una kilo ngapi ukiisha kujaa, na ni nani watakaokaa ndani. Nanyi wanafunzi, ile hesabu ya juu ifanyeni tena, tangi la maji likiwa tupu. Mtaona kwamba ile jamaa yapunguza zile kilo 50, lakini kibandiko cha mlangoni bado kimepitwa. Kinachosalia ni kilo ngapi, nao waache kitu gani nyumbani? Jibuni kabla hawajawasha gari.