Sauti Mbili Baada ya Kimya

Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Hata hivyo, si kila kimya huzaa mshindo; kingine huzaa majuto. Ndiyo maana bendi ya zamani inaporejea studio, wapenzi wake huingiwa na hofu ya kuwaona watu wazima wakijitia uvulana.

Bendi ya X iliundwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1977, na chimbuko lake ni ushairi. Exene Cervenka na John Doe walikutana Venice, jijini humo, katika semina ya watunzi wa mashairi. Billy Zoom alishika gita, D.J. Bonebrake akashika ngoma. Panki ni muziki wa kasi na ghadhabu, ambao wengi waliuona kelele tupu. Wawili hawa waliutia maneno yaliyopimwa. Waliimba pamoja, sauti ya mmoja ikisigana na ya mwenziwe bila kuachana nayo, mithili ya malenga wawili wanaojibizana. Mwaka 1980 walioana. Mwaka huohuo dada yake Exene alifariki katika ajali ya gari, na msiba huo ukaingia katika nyimbo za albamu yao ya mwaka 1982, Under the Big Black Sun.

Ndoa ilivunjika mwaka 1985, mwaka uleule ilipotoka albamu ya mwisho ya wale wanne kabla ya kutawanyika. Zoom aliondoka mwaka uliofuata. Baadaye walirudi jukwaani pamoja, lakini kwa miaka mingi waliimba ya zamani tu.

Mnamo Aprili 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa maradhi, ikatoka Alphabetland, albamu ya kwanza ya wanne hao baada ya miaka 35. Haitimizi hata nusu saa. Baadhi ya nyimbo ni tungo za ujanani zilizofukuliwa upya, lakini ya mwisho haiimbwi: Exene anaghani shairi kuhusu umri unaokwisha, huku Robby Krieger wa The Doors akipiga gita. Ray Manzarek, mpiga kinanda wa kundi hilohilo, ndiye aliyesimamia albamu nne za mwanzo za X, naye alifariki mwaka 2013. Hivyo shairi hilo linasomwa mbele ya kiti kitupu.

Hapo ndipo ilipo thamani ya marejeo haya. Hawakurudi kuudai ujana, kwani ujana haudaiki. Walirudi na kile ambacho talaka, misiba na miaka havikukichukua, yaani namna ya watu wawili kuusema ubeti mmoja. Mwaka 2024 walitoa Smoke & Fiction, wakatangaza kuwa ndiyo albamu yao ya mwisho. Safari hii waliaga kwa hiari yao, na wote wanne walikuwepo.