Chombo Kimoja, Wanafunzi Wengi

Utangulizi

Kila mwaka wanachuo wanaporejea kutoka mazoezi ya kufundisha, mimi huwauliza swali moja: shuleni mlikokwenda mlikuta vifaa gani? Majibu yao hufanana. Ramani moja, tufe moja la dunia, mizani moja, na siku hizi, hapa na pale, kompyuta moja. Uchache huo haunishangazi. Linalonisikitisha ni maneno yanayofuata: "Ipo, Mwalimu, lakini imo ofisini, ndani ya boksi lake."

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi mimi mwenyewe nilivyokuwa mmoja wa watu wanaofungia vifaa katika maboksi, na jinsi historia ya kikundi kimoja cha watu wa kujitolea, kilichoanzishwa mbali sana na Didia yetu, ilivyonisahihisha. Naiandika kwa ajili ya ninyi mnaojiandaa kufundisha shule za msingi, kwa sababu hapana shaka mtakuta chombo kimoja na watoto wengi.

Kosa langu

Nilipoanza kufundisha somo la kompyuta, darasa langu lilikuwa na wanachuo 46, na kompyuta iliyofanya kazi ilikuwa moja. Nilifundisha kama nilivyofundishwa. Nilichora kompyuta ubaoni, nikataja sehemu zake, nao wakanakili. Kisha niliwapanga mstari, kila mmoja apite mbele, aandike jina lake, arudi kukaa. Vipindi viwili vya mfululizo, yaani dakika 80, havikutosha kumpa kila mtu hata dakika mbili.

Siku moja mwanachuo mmoja, dada ambaye umri wake haukupishana sana na wangu, alibonyeza mahali nisipomwelekeza. Skrini ikawa nyeusi. Nilimkemea mbele ya wenzake: "Nani amekuambia uguse hapo? Ikiharibika utailipa?" Mashine haikuwa imeharibika. Ilikuwa imelala tu, nami niliiamsha kwa kidole kimoja. Lakini yule dada hakuigusa tena muhula mzima. Katika mtihani alipata alama nzuri, maana alikuwa amezikariri sehemu zote za kompyuta.

Aliporudi kutoka mazoezini alinisimulia, kwa heshima na bila kinyongo, kwamba katika shule aliyopangiwa kulikuwa na kompyuta. Watoto walimwomba awaonyeshe. Akawaambia kuwa ufunguo wa ofisi hauonekani.

"Ufunguo nilikuwa nao, Mwalimu," aliniambia. "Niliogopa."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Hofu ile haikuwa ya kuzaliwa nayo. Niliipanda mimi, katika kipindi changu, kwa sauti yangu mwenyewe. Naye alikuwa tayari ameipeleka kwa watoto ambao sikuwahi hata kuwaona.

Gereji ya Menlo Park

Katika kutafuta njia nyingine nilisoma habari za watu wa kwanza waliokuwa na kompyuta majumbani mwao. Nilitaka kujua nao walifundishwa na nani.

Mwezi Januari 1975, jarida moja la mafundi wa elektroniki nchini Marekani, Popular Electronics, lilitangaza kompyuta iliyoitwa Altair 8800. Iliuzwa kwa vipande, kwa bei isiyofika dola 450, na mnunuzi aliiunganisha mwenyewe kwa risasi na chuma cha moto. Haikuwa na kibodi wala skrini. Mbele yake palikuwa na swichi na taa ndogo tu. Kumbukumbu yake ya awali ilikuwa baiti 256, nafasi isiyotosha kuandika hata aya hii moja ya makala haya. Waliofanikiwa kuiunganisha walijikuta na sanduku ambalo hawakujua walifanyie nini.

Ndipo watu wawili, Fred Moore na Gordon French, walipotoa tangazo la kuwaalika wote wenye hamu hiyo. Jumatano ya tarehe 5 Machi 1975, watu 32 walikutana katika gereji ya French mjini Menlo Park, katika jimbo la California. Hapakuwa na mwalimu. Hapakuwa na ada. Kila mmoja alieleza anachokijua, alicho nacho na anachokitafuta. Kikundi hicho kikaja kuitwa Homebrew Computer Club, jina linalotokana na pombe ipikwayo nyumbani. Yaani chama cha watu wanaojipikia kompyuta zao wenyewe. Moore alitunza orodha ya majina na kuandika jarida dogo la chama, ambalo toleo lake la kwanza lilitoka siku kumi tu baada ya mkutano ule.

Walikutana kila baada ya majuma mawili. Mkutano wa tatu ulifanyika katika shule moja ya watoto, na hapo mwanachama mmoja, Steve Dompier, alileta Altair yake na redio ndogo. Aliingiza programu kwa kupandisha na kushusha swichi moja moja, kazi inayotaka subira kubwa, kisha akaiweka redio juu ya mashine. Mitetemo ya umeme iliyotoka katika mashine ikanaswa na redio, na redio ikatoa muziki. Kompyuta isiyo na kipaza sauti wala waya wa kutolea sauti ilikuwa imeimba. Alilogundua mtu mmoja peke yake nyumbani, sasa chama kizima kilikuwa nalo.

Chama kilipokua kilihamia katika ukumbi mkubwa wa kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Stanford, na uongozi wa mikutano ukashikwa na Lee Felsenstein. Hapa, ndugu zangu, ndipo penye somo la mbinu za kufundishia. Felsenstein hakuhutubia. Aliigawa mikutano katika sehemu. Katika moja aliwapa watu nafasi ya kusimama na kusema kwa ufupi: nina hiki, natafuta kile, nimesikia hili. Katika nyingine aliwaacha watawanyike, kila mwenye swali amfuate aliyemsikia akiwa na jibu. Kazi ya kiongozi ilikuwa kuhakikisha kwamba anayejua na asiyejua wanakutana.

Miongoni mwa waliohudhuria tangu siku ya kwanza alikuwamo kijana mwenye haya, Steve Wozniak. Aliondoka na karatasi ya maelezo ya kichakataji kidogo, akaisoma, akapata wazo la kujiundia kompyuta yake. Baadaye alikuwa akiileta kwenye mikutano, akawagawia wenzake michoro yake bure. Mashine hiyo ndiyo Apple ya kwanza, na kampuni iliyoiuza ilianzishwa tarehe 1 Aprili 1976.

Nisiwafiche upande wa pili wa habari hii. Mwaka 1975 mkanda wa karatasi wenye programu ya BASIC, iliyotungwa na Bill Gates na Paul Allen, ulichukuliwa bila idhini, ukanakiliwa na kugawanywa chamani kwa sharti moja: anayechukua nakala moja arudi na mbili. Tarehe 3 Februari 1976 Gates aliandika barua ya wazi akilalamika kuwa wengi wao ni wezi wa jasho la wengine, na kwamba malipo waliyopata hayakufikia dola 2 kwa saa ya kazi. Alikuwa na haki ya kulalamika. Lakini palikuwa na jibu lingine, la uungwana zaidi: wapenzi wengine wa kompyuta walitunga matoleo yao madogo ya BASIC. Baadhi waliyatoa bure, na mmoja wao, Tom Pittman, aliuza lake kwa dola 5, bei ambayo mtu angeona haya kuiibia. Mwalimu anayehimiza kushirikiana hana budi kufundisha pia tofauti ya kugawa kilicho chako na kugawa cha mwenzako.

Chama kile kilifanya mkutano wake wa mwisho mwezi Desemba 1986. Kilikuwa kimekwisha kazi yake: kompyuta ndogo zilikuwa zimeenea madukani.

Na sisi miaka ile

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya wenzetu. Ni kweli kwamba kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kwamba mwaka 1974, baada ya matatizo na gharama kubwa, uingizaji wa kompyuta nchini ulizuiwa. Zuio hilo lilikuja kuondolewa baadaye. Basi wakati watu 32 walipokuwa wamekaa katika gereji ile, kwetu hakuna mtu wa kawaida aliyeweza kuwa na kompyuta nyumbani.

Lakini duara tulikuwa nalo, tena kubwa kuliko lao. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika vijijini kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Bibi yangu alikuwa katika kikundi kimojawapo. Redio ilikuwa ya jirani. Mpaka uzeeni bibi hakutuambia tu kwamba maji ya kunywa yachemshwe. Alitueleza ni kwa nini yachemshwe. Hiyo ndiyo tofauti ya aliyeambiwa na aliyejadili.

Tofauti nazo zipo, na haifai kuzifumbia macho. Mtu ni Afya iliandaliwa na Serikali. Chama cha Menlo Park kilijiendesha chenyewe. Wale wa Menlo Park wengi walikuwa wahandisi, karibu wote wanaume, wenye mishahara ya kununulia vipande. Mtoto wa darasa la nne hana ujuzi wala fedha hizo, na hawezi kuachwa peke yake na waya wa umeme. Kwa hiyo sisemi tuige kila kitu. Nasema tuchukue duara.

Duara letu la Jumatano

Nilimwomba radhi yule dada mbele ya darasa lile lile nililomkemea. Halikuwa jambo jepesi. Kisha nilitangaza kwamba kila Jumatano baada ya vipindi, anayetaka aje, na kwamba siku hiyo mimi sitakaa mbele.

Stoo palikuwa na kompyuta kuukuu ya mezani iliyoandikwa "mbovu". Tulihakikisha imechomolewa kwenye umeme, tukaiweka mezani katikati, tukaifungua. Nikauliza: nani anajua nini, na nani anatafuta nini? Kwa muda palikuwa kimya. Hatimaye kijana mmoja, ambaye darasani hakuwahi kunyoosha mkono, alisema kaka yake hutengeneza simu huko Tinde, naye amemwona akisugua meno ya shaba kwa kifutio cha penseli. Tukachomoa vipande vya kumbukumbu, tukavisugua taratibu kwa kifutio, tukavirudisha mahali pake. Haikuwaka. Jumatano iliyofuata alikuja na waya alioazima kwa kaka yake, akabadilisha ule wa zamani. Mashine ikawaka. Mimi nisingeliweza kufanya hivyo, na nilisema hivyo mbele yao.

Lile sharti la mkanda nililitwaa nikaligeuza liwe halali: atakayejifunza jambo leo, Jumatano ijayo atutajie watu wawili aliowafundisha. Ujuzi ni mali ya aliyejifunza, na anaweza kuugawa bila kumwibia mtu.

Yule dada alikuja tangu Jumatano ya kwanza. Majuma mawili alikaa mikono ikiwa mapajani. Juma la tatu aliomba bisibisi.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na hayo, nawashauri walimu watarajiwa mambo manne.

1. Chombo kiwekwe katikati, si mbele. Watoto wanaokizunguka huonana nyuso, na swali la mmoja husikika kwa wote.

2. Kipindi kianze kwa kuuliza anayejua na anayetafuta. Katika darasa la watoto 60 hapakosi ambaye amemwona baba, mama au kaka akitumia kitu kama hicho.

3. Kazi igawanywe. Mmoja aguse, mmoja asome maelekezo, mmoja aandike kinachotokea, kisha wabadilishane. Anayeandika naye yuko kazini.

4. Mtoto akikosea, mwalimu aulize kwanza, "Umefanya nini, na kimetokea nini?" Kukemea kuwe kwa jambo la hatari tu, kama vile umeme.

Hitimisho

Yule dada sasa ni mwalimu katika mkoa wa Geita. Mwaka jana alinipigia simu kunieleza kwamba shule yake ina kompyuta moja, na kwamba watoto wameipa zamu ya kufutwa vumbi. Nilimuuliza boksi lake liko wapi.

"Watoto wamelikata, Mwalimu," alisema. "Wametengenezea saa ya ukutani ya kujifunzia kusoma saa."