Kona 57 na Kitu Kwenye Soksi

Mpenzi msomaji, wiki hii sikupeleki ufukweni. Vaa sweta, tunapanda Matamba!

Matamba ipo Wilaya ya Makete, mkoani Njombe. Ukitokea Makambako unapanda basi la Mbeya, unateremka Chimala kwenye joto na mpunga, halafu unatafuta gari la kupanda mlima. Hapo ndipo kasheshe inapoanza. Kona 57, moja juu ya nyingine, hadi masikio yanaziba. Wenyewe wanaiita "hamsini na saba", utadhani ni jina la mtu.

Nilikuwa na binamu yangu, tunakwenda kumsalimia bibi. Jumatatu iliyofuata binamu alikuwa anaripoti chuo cha udereva, na mama yake alishauza mbuzi watatu kulipa ada. Shika hilo la mbuzi, tutalirudia.

Sasa binamu ana ugonjwa mmoja: filamu za vichekesho vya wavuta bangi. Flashi yake imejaa. Anayo Up in Smoke ya 1978, ambamo Cheech na Chong wanaendesha gari zima lililotengenezwa kwa bangi na wenyewe hawana habari. Anayo Friday ya 1995, Ice Cube na Chris Tucker kutwa wamekaa barazani, matatizo yanawafuata palepale. Anayo How High ya 2001, jamaa wanarutubisha mche wa bangi kwa majivu ya rafiki yao marehemu, wanavuta, mzimu unatokea na kuwapa majibu ya mtihani. Wanaingia Harvard!

Lakini kipenzi chake ni Harold & Kumar Go to White Castle ya 2004. Washikaji wawili wa New Jersey wanavuta, njaa inawashika, wanatafuta baga usiku kucha. Wanaibiwa gari, mmoja anaswekwa ndani, wanampanda duma kama punda. Yote hayo kwa ajili ya baga!

Nakiri nilicheka mpaka mbavu zikauma. Ila utamu wake si moshi, bwana wee. Utamu ni watu wazima kuhangaikia jambo dogo kwa bidii kubwa, na kila mlango wanaogonga una balaa jipya. Abunuwasi alitufundisha zamani, na hakuvuta kitu.

Binamu yeye alielewa vingine. Tulipokaa garini pale Chimala akaninong'oneza: "Oya, nimebeba kitu cha Arusha. Kipo kwenye soksi. Tukifika juu tunacheka kama Kumar."

Mwili ulinisisimka. Kabla sijajibu, akapanda baba mmoja mwenye sare ya kaki, buti nyeusi na kirungu. Akajibana katikati yetu.

"Shikamoo mzee," tukasema kwa pamoja, kama wanafunzi.

"Marahaba," akajibu, kimya.

Nikamkumbuka mshikaji wetu wa kijiweni, aliyekutwa na misokoto kwenye begi. Kwenye filamu jamaa anatoka rumande kiulaini, muziki unapigwa. Yeye hakupigiwa muziki. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 haina sehemu ya vichekesho. Alikaa ndani mpaka demu wake akaolewa. Na dereva mwenye kesi ya bangi, nani atamkabidhi gari?

Nikaanza kuhesabu kona ili nisizimie. Kona ya 12, yule baba akageuka: "Vijana, mbona mnatoka jasho na huku kunapoa?"

"Malaria, mzee," binamu akasema.

Kona ya 20 binamu akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala na soksi! Mahali fulani kati ya kona ya 30 na ya 35 kuna kitu kiliruka dirishani. Ndiyo maana mimi nilihesabu kona 54, binamu 61.

Tukateremka Matamba kwenye ukungu. Yule baba akatushika bega. Roho ikaruka.

"Nyie wa mjini," akasema, "hamna muvi za kuchekesha kwenye simu? Mimi nalinda ghala la viazi, usiku mrefu huu."

Binamu akakaa kwenye jiwe, akacheka hadi machozi. Halafu akanyamaza. "Angekuwa askari kweli," akasema polepole, "ningemwambia nini mama kuhusu wale mbuzi?"

Njaa ikatukumbusha chipsi. Matamba ni nchi ya viazi, lumbesa zimejipanga barabarani kama abiria. Kibanda cha kwanza: viazi vipo, mafuta yameisha. Cha pili: mafuta yapo, mmenyaji kaenda msibani. Cha tatu: kila kitu kipo, kuni zimeloa. Tulizunguka saa nzima tunatetemeka.

Binamu akasimama katikati ya njia: "Oya, hii si ndiyo ile muvi yenyewe?"

Tulicheka, msomaji! Tulicheka mpaka mbwa wakatubwekea, na hakuna aliyevuta hata ugoro. Bibi alitupokea na viazi vya kuchemsha na chai ya moto, akauliza tunacheka nini. Tukashindwa kumweleza.

Ukienda Matamba, usikose kupanda hadi Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa 2005 hasa kwa ajili ya mimea yake. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Nenda kati ya Desemba na Aprili, maua yamefunika uwanda wote. Beba sweta mbili, na soksi zenye miguu tu ndani.

Binamu aliripoti chuoni Jumatatu. Flashi bado anayo, na kila tukiwasha Harold na Kumar anasema wale jamaa hawajaona kitu, hawajawahi kutafuta chipsi Matamba.

Tukutane wiki ijayo!