Mlima Mmoja, Makabati Mengi

Atazamaye milima ya Uluguru kutoka mjini Morogoro huiona kama ukuta mmoja. Apandaye hukuta mabonde, vijito na mashamba ya miteremkoni, na maji yanayoteremka kuujaza Mto Ruvu, ambao huinywesha Dar es Salaam. Historia ya uchumi wa milima hiyo nayo ni hivyo hivyo: kwa mbali ni kitu kimoja, kwa karibu ni mambo mengi yaliyofungamana. Taabu huanza pale maandishi yanayoihusu yanapotakiwa kupangwa kwa mada na kwa eneo, ili wengine wayapate.

Uainishaji ulioenea zaidi miongoni mwa wanauchumi ni ule wa JEL, uliotungwa na Chama cha Wachumi cha Marekani. Humo historia ya uchumi imepewa herufi N, ikifuatwa na tarakimu mbili. Ya kwanza hutaja mada: 3 ni kazi na idadi ya watu, 4 ni serikali, vita na sheria, 5 ni kilimo, maliasili na mazingira, 7 ni uchukuzi na biashara. Ya pili hutaja eneo. Marekani na Kanada zina tarakimu mbili, moja ya kabla ya mwaka 1913 na nyingine ya tangu hapo, Ulaya kadhalika. Afrika ina tarakimu moja tu, 7, nayo inaigawana na Oshenia, wala hakuna mwaka unaotenganisha zama zake. Hivyo misafara iliyopitia Simbamwene katika karne ya 19, reli iliyofika Morogoro mwaka 1907, na mboga za Mgeta ziuzwazo leo mjini Dar es Salaam, vyote huangukia N77.

Visiwani hali si tofauti. Misafara ile ya bara ilipata mtaji wake Unguja, na Sayyid Said bin Sultan alitawala Maskati na Unguja pia. Lakini katika uainishaji huu Omani iko pamoja na Asia, na Unguja pamoja na Afrika. Bahari iliyowaunganisha wafanyabiashara imegeuzwa mpaka.

Kisa kinachoonyesha vyema uzito wa jambo hili ni kile cha matuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi miteremkoni, ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi uchimbaji ulifukua udongo wa chini usio na rutuba. Ardhi yenyewe ilikuwa ya koo, ikirithiwa kwa upande wa mama. Mwaka 1955 ghasia zilizuka, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa.

Je, hayo ni kilimo, serikali au kazi? Roland Young na Henry Fosbrooke waliyaandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1960 kwa majina mawili. Toleo la Uingereza lilitaja ardhi na siasa miongoni mwa Waluguru. La Marekani lilitaja moshi vilimani na mvutano wa kisiasa. Kurasa zile zile, milango miwili. Mwaka 1996 Pamela Maack aliyarudia kwa jicho la upinzani na utambulisho, katika kitabu cha ikolojia na utamaduni kilichohaririwa na Maddox, Giblin na Kimambo. Huo ukawa mlango wa tatu.

Sasa na afikiriwe mwanafunzi wa kilimo mjini Morogoro, ambaye bibi yake alishika jembe wakati wa matuta. Akitafuta kwa alama ya kilimo, atapata habari za udongo. Akitafuta kwa alama ya serikali, atapata amri na ghasia. Mikono ya bibi yake iko chini ya alama ya kazi, mahali ambapo mtaalamu wa udongo haendi. Naye akiajiriwa bila kuyasoma hayo, ataweza kupanda mlimani na ramani ya matuta mapya, akashangaa kwa nini wazee wananyamaza.

Makabati hayana budi kuwapo. Maktaba isiyopangwa ni shimo. Lakini kanuni hairuhusu alama moja tu: makala moja yaweza kubeba N37, N47 na N57 kwa pamoja. Aandikaye habari za Uluguru na azibebeshe zote, kisha katika muhtasari wake ataje Matombo, Mgeta, ukoo na jembe. Tarakimu 7 itampeleka msomaji hadi Afrika na Oshenia; kutoka hapo hadi mlimani, maneno ya wenyeji ndiyo yatakayomwonyesha njia.